Jinsi ya kuzungumzia bei na viwango kwa Kiingereza bila kutafsiri neno kwa neno

Maswali ni yaleyale kila mara. "Nimesema the price is expensive, kosa liko wapi?" "Rise na raise zinatofautianaje?" "Fee, fare, charge, cost, si zote ni bei tu?" Wanaouliza mara nyingi Kiingereza wanakijua. Sarufi wanayo, maneno wanayo, na wakisema wanaeleweka. Tatizo ni kwamba maneno waliyoyaweka pamoja hayajazoea kukaa pamoja, na msikilizaji analihisi hilo hata kama hawezi kulieleza.

Kiswahili nacho kina mambo hayo. Bei hupanda, lakini haikwei, ingawa kwenye mti kupanda na kukwea ni kazi ileile. Hakuna kanuni ya sarufi inayokataza "bei imekwea", ila ukiisema watu watakucheka. Kiingereza ni hivyohivyo: kuna maneno yaliyo chanda na pete, na mengine hayakai chumba kimoja. Humu nimekusanya jozi zinazohitajika zaidi ukizungumzia bei na viwango, pamoja na sehemu ambazo Kiswahili chetu hututia mashakani. Kuna sehemu mbili tatu ambapo hutusaidia pia, na hizo watu huzisahau.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kiingereza cha kutunga sentensi fupi zenye wakati uliopo na uliopita. Zaidi ya hapo si lazima.
- Daftari ambalo hutaandika neno mojamoja. Usiandike "price = bei". Andika "a high price", "set a price", "prices have gone up". Neno likiingia daftarini bila mwenzake, litatoka mdomoni bila mwenzake.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza yenye sentensi za mifano. Ile ya Kiingereza kwa Kiswahili itakwambia "rate" ni kiwango, kisha ikuache hapo njiani.
- Habari moja fupi ya uchumi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Utaifanyia kazi katika hatua ya mwisho.
- Kikokotoo, cha simu kinatosha.

## Hatua ya 1: Chagua nomino kwanza

Hapa Kiswahili kinakusaidia, kwa hiyo kitumie. Jiulize ungesema nini kwa Kiswahili sanifu, si kwa ile "bei gani?" ya haraka.

Ukisema nauli, Kiingereza ni "fare": "bus fare", "taxi fare", "air fare". Ukisema ada au karo, ni "fee": "school fees", "entrance fee", "registration fee", na pia malipo ya mtaalamu kama wakili, "legal fees". Ukisema gharama, ni "cost": "the cost of living", "labour costs", "the cost of production". Kodi ya nyumba ni "rent", lakini kodi ya serikali ni "tax", na hapo Kiswahili kinatumia neno moja kwa vitu viwili, kwa hiyo tahadhari. Malipo ya kupita kwenye daraja au barabara ni "toll". Faini ni "fine". Tozo ya huduma inayoongezwa juu ya bei yenyewe ni "charge": "delivery charge", "service charge", "bank charges".

Kinachobaki, yaani kiasi kilichoandikwa kwenye bidhaa unayoinunua, ndicho "price".

Na "rate"? Ni malipo au kipimo kinachohesabiwa kwa kila kitu fulani: kwa saa, kwa siku, kwa mwaka, kwa kila watu 1,000, kwa kila dola moja. Fundi anayelipwa kwa saa ana "hourly rate". Neno hili lina mambo mengi, tutalirudia katika hatua ya 7.

Angalia: "cut costs" na "cut prices" si kitu kimoja. Kampuni ikisema inafanya la kwanza, inabana matumizi yake, na huenda wafanyakazi wakapunguzwa. Ikisema inafanya la pili, mteja ndiye anayefurahi. Ukizichanganya kwenye ripoti umebadilisha habari nzima.

## Hatua ya 2: Ipe nomino kivumishi chake

Hapa ndipo penye kosa maarufu kuliko yote. Kwa Kiswahili tunasema "bei ghali" na "bei rahisi" bila wasiwasi, kwa hiyo tunasema "expensive price" na "cheap price". Kwa Kiingereza kilichonyooka, kitu ndicho "expensive" au "cheap". Bei yenyewe ni "high" au "low".

- The phone is expensive. Sawa.
- The price of the phone is high. Sawa.
- The price of the phone is expensive. Hapana.

Utawasikia wenyeji wa lugha wakisema "cheap prices", hasa kwenye matangazo. Waache waseme. Kwenye mtihani, barua ya kazi au ripoti, wewe andika "low prices".

Ukishaizoea jozi hiyo, ongeza hizi: "a reasonable price" na "a fair price" kwa bei isiyoumiza; "an affordable price" kwa bei ambayo mnunuzi anaimudu; "a competitive price" kwa bei inayoweza kushindana na ya wengine sokoni; "a fixed price" kwa bei isiyopunguzwa; "full price" na "half price" bila kuongeza lolote. Bei ya kuumiza ni "a steep price", au "an exorbitant price" ukiwa umekasirika.

Kwa muuzaji kuna "the asking price", bei anayoitaja mwenyewe kabla hamjaanza kuvutana. "The selling price", ile mliyofikia. "Wholesale price" kwa bei ya jumla na "retail price" kwa bei ya rejareja.

Viwango navyo ni "high" au "low": "a high interest rate", "a low birth rate". Si "big rate", wala si "expensive rate".

## Hatua ya 3: Chagua kitenzi, na ujue nani aliyetenda

Watu huogopa "rise" na "raise" kana kwamba ni fumbo. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kuogopa, kwani tofauti hiyo tunaitumia kila siku. Bei inapanda. Muuzaji anapandisha bei. Bei inashuka. Muuzaji anashusha bei. Hakuna anayechanganya kupanda na kupandisha. Basi:

- Inapanda yenyewe: "rise", "go up", "increase".
- Mtu anaipandisha: "raise", "put up", "increase".
- Inashuka yenyewe: "fall", "drop", "go down", "decrease".
- Mtu anaishusha: "lower", "cut", "reduce", "bring down".

Kabla hujasema, itamke sentensi kichwani kwa Kiswahili. Ukisikia -sha, chukua "raise" au "lower". Usipoisikia, chukua "rise" au "fall". "Increase" inafanya kazi pande zote mbili, kwa hiyo ndiyo kimbilio ukiwa na haraka.

Maumbo yake ni haya, yakariri: rise, rose, risen; raise, raised, raised; fall, fell, fallen; cut, cut, cut. Na "cost" kama kitenzi haibadiliki, ni cost, cost, cost. Aliyesema "it costed me" alifuata mantiki, ila mantiki haikumsaidia.

Makosa ya kuepuka hapa:

"The shop rose the prices." Duka limepandisha, kwa hiyo "raised".

"Prices have raised." Zimepanda zenyewe, kwa hiyo "have risen".

"How much does it costs?" Ile "does" imeshachukua s, usiiweke tena: "How much does it cost?"

"The price costs 30 dollars." Kitu ndicho kinacho-"cost". Bei "is": "The price is 30 dollars", au "It costs 30 dollars".

Kuna na la umoja na wingi. Kwa Kiswahili neno "bei" halibadiliki, tunajua ni moja au nyingi kwa kuangalia kitenzi: bei imepanda, bei zimepanda. Kiingereza kinabadilisha nomino yenyewe, "price" na "prices", na kitenzi kinafuata hiyo, si nomino iliyo karibu nacho. "The price of spare parts has gone up", kwa sababu kilichopanda ni "price". Watu wengi huliona "parts" kisha wakaandika "have".

Vitenzi vingine viwili vitatu vya muuzaji: "set a price" ni kupanga bei, "charge" ni kumtoza mtu ("They charged me 20 dollars for delivery"), na "quote a price" ni kumtajia mteja bei kabla ya kazi. Ukitozwa kupita kiasi, "I was overcharged".

## Hatua ya 4: Eleza imepanda kwa namna gani

Sasa bei imepanda, lakini imepanda polepole au imepaa? Una njia mbili.

Ya kwanza ni kutumia kitenzi cha kawaida na kukiongezea kielezi: "rise slightly" kidogo, "rise gradually" polepole, "rise steadily" mfululizo bila kurudi nyuma, "rise sharply" kwa ghafla na kwa kiasi kikubwa. Ukitaka nomino, geuza: "a slight rise", "a gradual rise", "a steady rise", "a sharp rise". Zote hizo zinakubali "fall" pia.

Ya pili ni kutumia kitenzi ambacho tayari kimebeba namna. Zikipaa: "soar", "rocket", "shoot up". Zikiporomoka: "plunge", "plummet", "tumble". Zikinyanyuka kidogokidogo bila watu kushtuka: "creep up", "edge up". Zikishuka kidogo tu: "dip", "slip".

Usichanganye njia hizi mbili. "Soar slightly" ni sawa na kusema bei imepaa kidogo kwa kutambaa. "Plummet sharply" ni kurudia jambo, maana "plummet" imeshasema yote.

Zisiposogea: "remain stable", "hold steady", "stay the same". Zikipanda na kushuka bila mpango: "fluctuate". Zikipanda kisha zikatulia: "level off". Zikifika kileleni: "peak at". Rekodi ya juu ni "hit a record high", ya chini ni "hit a record low". "Price hike" utaiona sana kwenye vichwa vya habari. Ni kupandisha bei huku mwandishi akinung'unika kidogo, kwa hiyo usiiweke kwenye barua ya kuwaarifu wateja wako mwenyewe.

Zikiongezeka maradufu, Kiingereza kina neno moja: "double". Mara tatu ni "triple", mara nne "quadruple", na kupungua hadi nusu ni "halve". Mfano wa kweli: kati ya mwishoni mwa 1973 na mwanzoni mwa 1974, bei ya mafuta ghafi duniani ilitoka karibu dola 3 kwa pipa hadi karibu dola 12. Utaandika "The price of oil quadrupled". Usiandike "increased by four times", kwa sababu mhesabu makini atauliza kama umeongeza mara nne juu ya ile ya mwanzo, na hapo ni mara tano.

## Hatua ya 5: Funga tarakimu kwa kihusishi sahihi

Mhalifu wetu mkubwa ni "kwa". Neno hili moja linafanya kazi ambayo Kiingereza kimewagawia watu wanne:

- Imepanda kwa asilimia 5: "It has risen by 5 percent."
- Inauzwa kwa dola 40: "It sells for 40 dollars", au "at 40 dollars".
- Dola 10 kwa saa: "10 dollars an hour", au kirasmi zaidi "per hour".
- Inaongezeka kwa kiwango cha asilimia 3: "It is growing at a rate of 3 percent."

Ukiona "kwa" inakuja kichwani, simama kidogo, uliza ni ipi kati ya hizo. Ni tofauti, au ni sehemu ya kuanzia na kuishia? Tofauti ni "by". Mwisho ni "to". Mwanzo ni "from". Mahali bei ilipo sasa hivi ni "at".

Hatari ya kweli iko kati ya "by" na "to". "The fee rose by 50 dollars" ina maana imeongezwa 50 juu ya ile ya zamani. "The fee rose to 50 dollars" ina maana sasa ni 50. Herufi mbili tu, na mteja anaweza kulipa hesabu isiyo yake.

Ukibadilisha kitenzi kuwa nomino, vihusishi vinabadilika pia. Kinachopanda kinachukua "in", na kiasi kinachukua "of": "a rise in prices", "a rise of 5 percent", na kwa pamoja "a rise of 5 percent in the price of fuel". "A rise of prices" ndiyo kosa la kila siku hapa. Njia ya mkato ni kuweka tarakimu mbele: "a 5 percent rise". Hapo hakuna "of" ya kukusumbua.

Nyingine za haraka: "a discount on shoes", "tax on fuel", "pay for something", "spend money on something". Na ukitumia "per", iache peke yake. "Per each hour" ni mzigo mara mbili.

"Percent" haichukui s, hata zikiwa mia. Waingereza wengi huandika "per cent" kwa maneno mawili, Wamarekani "percent" kwa neno moja. Usipokuwa na tarakimu, neno ni "percentage": "a large percentage of customers", si "a large percent".

## Hatua ya 6: Tenganisha asilimia na pointi za asilimia

Hatua hii ni fupi lakini wanahabari wazoefu huikosea. Tarehe 16 Septemba 1992, Uingereza ikihangaika kuiokoa pauni, benki kuu yake, Bank of England, ilipandisha riba kutoka asilimia 10 hadi 12. Imepanda kwa kiasi gani?

Ukitoa 10 kwenye 12, unapata 2, na hizo ni "two percentage points". Ukiuliza 2 ni sehemu gani ya 10, ni asilimia 20, kwa hiyo riba iliongezeka kwa "20 percent". Majibu yote mawili ni sahihi. Lisilo sahihi ni kuandika "rose by 2 percent", maana asilimia 2 ya 10 ni 0.2, na riba ingefika 10.2 tu.

Kwa hiyo kitu chenyewe kikiwa tayari kinapimwa kwa asilimia, kama riba au mfumuko wa bei, tumia "percentage points" kwa tofauti. Watu wa benki hugawa pointi moja mara 100 na kuziita "basis points". Juni 2022, benki kuu ya Marekani, Federal Reserve, ilipandisha riba kwa "75 basis points", yaani robo tatu ya pointi moja ya asilimia.

## Hatua ya 7: Mfahamu "rate" na marafiki zake

Kiswahili hugawa kazi za neno hili kati ya kiwango, kasi na kima, ndiyo maana linatuchanganya. Lichukue kwa makundi.

Kundi la fedha: "interest rate" ni kiwango cha riba, "exchange rate" ni kiwango cha kubadilishia fedha, "tax rate" ni kiwango cha kodi, "inflation rate" ni kiwango cha mfumuko wa bei. Mkopo unaweza kuwa na "a fixed rate", isiyobadilika, au "a variable rate", inayobadilika na soko. Benki kuu "raises rates" au "cuts rates", na kila mtu anaelewa kuwa ni riba bila kutajiwa. Jihadhari tu na Uingereza, ambako "business rates" ni kodi ya majengo ya biashara, haihusiani na riba hata kidogo.

Kundi la watu na jamii: "birth rate", "death rate", "unemployment rate", "crime rate", "literacy rate", "success rate". Zote ni "high" au "low", zote "rise" na "fall".

Kundi la malipo ya kazi: "hourly rate", "daily rate", "flat rate" kwa malipo ya jumla yasiyotegemea muda au kiasi, na "the going rate", ile ambayo watu kwa kawaida hulipana kwa kazi ya aina hiyo. Ukimuuliza mfasiri au mpigapicha malipo yake, sema "What are your rates?" Ukimuuliza "What's your price?" anaweza kukutazama vibaya, maana kwa sauti fulani swali hilo linasikika kama la mtoa rushwa.

Kundi la kasi: "at a steady rate", "at an alarming rate". Kihusishi ni "at". "In a high rate" ndiyo tafsiri yetu ya "kwa kiwango kikubwa", na ni kosa.

Halafu kuna misemo ambayo haihusiani na fedha. "At this rate" ni "tukiendelea hivi". "At any rate" ni "vyovyote iwavyo". "First-rate" ni bora kabisa. Zijue tu zisikushtue.

Onyo moja ambalo lina thamani kuliko jozi zote hizo. "Inflation has fallen" haina maana kwamba bei zimeshuka. Mfumuko ni kasi ya kupanda kwa bei. Ukitoka asilimia 10 hadi 6, bei bado zinapanda, ila polepole zaidi kuliko awali. Aliyeandika "Inflation fell, so prices went down" hajakosea Kiingereza, amekosea habari. Andika "Prices are rising more slowly". Bei kwa ujumla zikishuka kweli, hiyo ni "deflation".

## Hatua ya 8: Jifunze kupatana

"Nipunguzie" ni neno zuri kwa Kiswahili na ni balaa likitafsiriwa. "Reduce me" ina maana mimi ndiye nipunguzwe. Badala yake una haya:

- "Is the price negotiable?" Bei ina maelewano?
- "Is that your best price?" Hiyo ndiyo ya mwisho?
- "Could you come down a bit?" Shuka kidogo.
- "Would you take 40 for it?" Nikupe 40?

Muuzaji atajibu "I can knock 10 percent off", nakutolea asilimia 10, au "I'll give you a discount", au "Sorry, the price is fixed". Akisema "I'll throw in the charger", anakupa chaja bure juu ya ulichonunua, kama nyongeza. Hatarushi kitu.

Kabla ya kulipa, uliza "Does the price include delivery?" na "Are there any hidden charges?" Kwa kazi ya fundi, tofautisha "quote" na "estimate". Ya kwanza kwa kawaida ni bei aliyojifunga nayo. Ya pili ni makadirio, yanaweza kupanda kazi ikianza, na huwa yanapanda.

## Hatua ya 9: Jenga sentensi nzima

Chukua sentensi kutoka ile habari yako ya Kiswahili. Tufanye hii: "Bei ya mafuta imepaa kwa asilimia 12, kutoka dola 75 hadi dola 84 kwa pipa."

Nomino: ni bidhaa, kwa hiyo "the price of oil". Umoja, kwa hiyo "has". Kitenzi: imepaa, hakuna -sha, na kimebeba ghafla, kwa hiyo "shot up", bila kielezi. "Kwa" ya kwanza ni tofauti, "by 12 percent". Kutoka ni "from 75", hadi ni "to 84 dollars". "Kwa" ya pili ni ya kila pipa, "a barrel".

"The price of oil has shot up by 12 percent, from 75 to 84 dollars a barrel."

Kisha igeuze mara mbili. Kwa nomino: "There has been a sharp rise of 12 percent in the price of oil." Kwa mtendaji: "Producers have raised the price of oil by 12 percent." Sentensi moja ya Kiswahili, tatu za Kiingereza. Zoezi hili kwenye habari moja kila siku lina faida kuliko kukariri orodha, na ukichoka na mafuta, kuna riba na nauli.

## Mambo yakikwama

Unasita katikati ya mazungumzo. Rudi kwenye "go up" na "go down". Hakuna mahali zinapokosewa, na wenyeji wenyewe wakizungumza huzitumia kuliko "increase" na "decrease".

Ripoti yako imejaa "increased, increased, increased". Usikimbilie "skyrocketed". Badilisha umbo badala ya kuongeza chumvi: mara moja kitenzi, mara nyingine "a 4 percent rise", mara nyingine "reached 84 dollars".

Kikagua sarufi hakikurekebishi. "The price is expensive" haina kosa la sarufi, kwa hiyo programu inaweza kuipitisha. Ukiwa na shaka na jozi, iandike kwenye mtandao wa kutafuta ikiwa ndani ya alama za kunukuu, kisha tazama nani anaitumia. Ikiwa ni magazeti na taasisi za nchi zinazozungumza Kiingereza, ichukue. Ikiwa ni mabaraza ya wanafunzi tu, iache.

Mtu amekuuliza "by or to?" Usieleze kanuni, taja ncha zote mbili: "from 40 to 50".

Mwenzako anasema "pay raise", wewe ulifundishwa "pay rise". Wote mko sawa. Nyongeza ya mshahara kwa Mmarekani ni "raise", kwa Mwingereza ni "rise". Tofauti hiyo iko kwenye nomino tu. Kwenye vitenzi hakuna msamaha upande wowote.

Bei imeshuka chini ya sifuri, hujui useme nini. Hutokea. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba mmoja wa kuuziana mafuta ya Marekani ya kukabidhiwa baadaye ulifunga siku kwenye dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa. Andika "fell below zero" na "closed at minus 37.63 dollars".

Unashindwa kusoma desimali kwa sauti. Fedha zisome kama fedha: 37.63 ni "thirty-seven dollars sixty-three". Viwango visome tarakimu mojamoja baada ya nukta: asilimia 5.25 ni "five point two five percent", si "five point twenty-five".